Miaka minne bila hedhi, natumia tiba ya homoni, sasa naona matone ya damu: ni dawa au kuna jambo?

#1 Subira57
Wapendwa, naombeni mawazo. Nina miaka 57, na hedhi yangu ya mwisho niliiona nikiwa na 53. Mwaka jana mafukuto yalinizidi. Usiku nabadilisha nguo mara tatu, usingizi hakuna, nalia bila sababu. Nikaanzishiwa tiba ya homoni: kibandiko cha estrojeni mara mbili kwa wiki, na projesteroni miligramu 100 kila usiku. Huu mwezi wa 14. Nalala, viungo vimeacha kuuma, nilikuwa nimerudi kuwa mtu.

Juzi alfajiri nimeenda chooni, nikaona doa la kahawia kwenye karatasi. Jana likawa la waridi. Leo ni jekundu, dogo, kama tone la kidole kilichochomwa sindano. Tumbo haliumi, harufu hakuna, homa hakuna. Miezi miwili ya mwanzo ya dawa nilipata matone kama haya, nikaambiwa ni kawaida, na kweli yakakoma. Sasa yamerudi baada ya mwaka mzima wa ukavu.

Ni homoni tu, au kuna jambo? Dada yangu mkubwa anasema nitulie, mwili unajirekebisha. Moyo wangu umekataa kutulia.

#2 KaribuJioni
Pole dada. Niko hapa nafuatilia, mimi ni mwezi wa tatu wa dawa na natokwa na matone pia.

#3 MziziWaMti
Hiyo ni hedhi imerudi tu. Mama yangu mdogo alipewa homoni akaanza kuona siku zake kila mwezi, miaka 54 yule. Ukiupa mwili homoni za ujana, nao unafanya mambo ya ujana. Usijitie hofu.

#4 NesiMstaafu
Mzizi, hapana. Nasahihisha mapema maana kuna watakaosoma #3 na kuondoka.

Kuna mipangilio miwili. Wa kwanza ni wa zamu: estrojeni siku zote, projesteroni siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Projesteroni ikiachwa, utando wa ndani ya kizazi unabomoka na damu inatoka kwa ratiba. Siyo hedhi, hakuna yai lililopevuka, lakini inatarajiwa. Mama yako mdogo bila shaka alikuwa huko.

Subira yuko kwenye mpangilio wa mfululizo, homoni zote mbili kila siku. Huu lengo lake ni kuuacha utando ubaki mwembamba, damu isitoke kabisa. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone yanavumiliwa kwa sababu mwili unazoea (KaribuJioni, wewe bado uko hapo). Lakini damu inayoanza upya baada ya mwaka wa ukavu inatafutiwa sababu. Sijasema ni mbaya. Nimesema itafutwe.

#5 Subira57
Asante nesi. "Itafutwe" wapi hasa? Daktari wangu ni wa mambo ya kawaida tu.

#6 NesiMstaafu
Anzia kwake huyohuyo. Aangalie kwanza damu inatoka wapi, maana mtu anaweza kusema damu ya kizazi kumbe ni njia ya mkojo, au njia ya haja kubwa, au uke wenyewe. Atazame na mlango wa kizazi kwa macho. Baada ya hapo ultrasaundi ya kupitia ukeni.

#7 Upepo_wa_Kusi
Kabla hujafika mbali, kibandiko chako kinashika vizuri? Mimi nilitokwa na matone miezi miwili nikahangaika, kumbe napaka mafuta ya mwili kabla ya kubandika, kinaning'inia upande mmoja. Estrojeni inapanda na kushuka. Nikaanza kubandika kwenye ngozi kavu chini ya kiuno, nabadilisha upande kila mara, matone yakakoma. Ndiyo ushuhuda wangu.

#8 Subira57
Mwezi uliopita kimenivuka mara mbili, kimoja nilikikuta kwenye shuka. Na nikiri kingine: niliposafiri nilisahau vile vidonge vya projesteroni nyumbani. Usiku tano.

#9 KaribuJioni
Subira jamani! Hilo ulikuwa unaliweka la lini? Haya, kesi imefungwa.

#10 NesiMstaafu
Haijafungwa. Dada, safari ilikuwa lini?

#11 Subira57
Imepita kama wiki tano.

#12 NesiMstaafu
Basi haikai vizuri. Damu ya kukatiza projesteroni kwa kawaida huja ndani ya siku chache, siyo wiki tano baadaye ukiwa umesharudi kwenye dawa. Inaweza kuwa imechangia. Kuibebesha mzigo wote siwezi.

#13 JichoLaPili
Niwasimulie yangu, labda itamfaa Subira.

Nina 61. Dawa zilezile, mfululizo, mwaka wa tatu. Nikaona doa. Nilijipa sababu nne kwa mpangilio: kwanza nimenyanyua ndoo nzito, halafu nimechelewa kubadilisha kibandiko, halafu ni msongo wa mawazo, halafu ni bawasiri. Miezi miwili nzima naishi kwenye hizo sababu. Siku damu ilipochafua nguo mbele za watu ndipo nikaenda.

Ultrasaundi ikaonyesha utando wa milimita 9. Wakaingiza kamera ndogo ndani ya kizazi, nikawa naangalia kwenye skrini mwenyewe. Polipu. Kinyama laini, cha waridi, kimening'inia kwenye kikonyo kama tunda dogo. Wakakitoa palepale. Majibu yakarudi: hakina ubaya. Narudia kwa ajili ya wale wanaoogopa kwenda: polipu nyingi hazina ubaya, ila huwezi kujua mpaka itoke na ipimwe.

Naendelea na homoni mpaka leo, matone hayajarudi. Subira, kura yangu ni polipu.

#14 MziziWaMti
Nesi nimekuelewa, #3 nimekosea, na nimemuuliza mama mdogo: kweli alikuwa anameza projesteroni siku 12 tu kwa mwezi. Naomba mnisamehe. Ila kura yangu bado siyo polipu. Mimi nasema dozi.

#15 KijanaWaMama
Shikamooni mama zangu. Samahani naingilia. Mama yangu ana 66, hatumii homoni ya aina yoyote. Mwezi uliopita alitokwa na damu siku moja, ikakata. Amemwambia dada yangu, dada kaniambia mimi, na mama hajui kwamba najua. Anasema imeshapita, yanini kumsumbua daktari. Je, tuiache?

#16 NesiMstaafu
Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza. Msiiache. Kwa mama asiyetumia homoni, damu hata ya siku moja baada ya kukoma hedhi ni sababu tosha ya kupimwa. Kukata kwake hakumaanishi chochote.

Usimtishe, mwambie ukweli ulivyo: katika wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Wengi mno hawanayo. Lakini upande wa pili wa hesabu ndio unaonifanya niwe mkali: kati ya wale wenye saratani hiyo, takriban 90% damu hii ndiyo iliyowaonya. Ni ugonjwa unaobisha hodi mapema, na ukifunguliwa mapema unatibika vizuri. Kwa wanaotumia homoni kiwango cha saratani kwenye damu ya namna hii huwa chini zaidi, kwa sababu homoni zenyewe husababisha matone mengi yasiyo na ubaya.

#17 Mlinzi_wa_Zamu
Mnazunguka bure. Acheni hizo dawa. 2002 Marekani walisimamisha utafiti mkubwa wa homoni kwa sababu wanawake walipata saratani. Damu ndiyo onyo lenyewe.

#18 Bi_Hesabu
Mlinzi, utafiti huo nimeusoma, na tuuseme ulivyo. Unaitwa Women's Health Initiative. Kundi la homoni mbili lilikuwa na wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, wastani wa miaka 63, na lilisimamishwa Julai 2002 kwa sababu saratani ya MATITI iliongezeka na madhara kwa ujumla yalizidi faida: mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda. Hilo ni kweli na kila anayetumia aambiwe. Lakini saratani ya mfuko wa uzazi haikuongezeka katika kundi hilo.

Na hapa ndipo panapotuhusu: damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba theluthi ya waliopewa homoni walilazimika kuchukuliwa sampuli ya utando wa kizazi, dhidi ya 6% ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Damu nyingi, vipimo vingi, saratani ya kizazi haikuzidi.

Hatari inayojulikana kwa kizazi ni estrojeni peke yake kwa mwanamke ambaye kizazi chake bado kipo. Hilo liligunduliwa tangu 1975. Kwenye utafiti mwingine wa miaka ya tisini, PEPI, waliopewa estrojeni pekee kwa miaka mitatu, 62% utando wao ulinenepa isivyo kawaida. Ndiyo maana tunameza projesteroni. Siyo pambo.

#19 Mlinzi_wa_Zamu
Sawa kuhusu kizazi, nimekuelewa. Shangazi yangu alipata saratani ya titi akiwa kwenye dawa hizo, kwa hiyo mnivumilie, siwezi kulizungumza hili kwa utulivu.

#20 Bi_Hesabu
Pole sana ndugu yangu. Una haki.

#21 Upepo_wa_Kusi
Swali kwa nesi, limetoka nje kidogo ya mada. Rafiki yangu anatumia jeli ya mkononi. Mjukuu anapenda kulala kwenye mkono huohuo. Kuna tatizo?

#22 NesiMstaafu
Lipo. Jeli huhama kwa kugusana ngozi, hata kwa wanyama wa nyumbani. Aisubiri ikauke, avae mikono mirefu, anawe viganja.

#23 Subira57
Wapendwa, kuna kitu Mzizi kanikumbusha aliposema "dozi". Miezi miwili iliyopita mafukuto yalirudi, kibandiko kikapandishwa kutoka mikrogramu 50 kwenda 100. Projesteroni ikabaki miligramu 100 ileile. Sikuona kama lina maana ndiyo maana sikuandika.

#24 KaribuJioni
Kila tukimaliza ukurasa Subira anatoa siri mpya! Dada yangu, umebakiza nini kingine mfukoni?

#25 MziziWaMti
Si niliwaambia!

#26 NesiMstaafu
Mzizi leo umepata. Estrojeni ndiyo inayootesha utando, projesteroni ndiyo inayouzuia. Ukiongeza mbolea bila kuongeza mkasi, majani yanakua. Miongozo ya Uingereza inataka projesteroni ya mfululizo ipande hadi miligramu 200 estrojeni inapofika dozi ya juu, na kibandiko cha 100 kinahesabiwa dozi ya juu. Mwambie daktari hili kwa maneno hayahaya, na usijipandishie mwenyewe nyumbani. Akibadilisha dozi kabla ya kupima, damu inaweza kukata na kinachotafutwa kikabaki pale.

#27 TwigaMpole
Na dawa nyingine mnazomeza? Mimi nina kifafa, natumia kabamazepini. Hakuna aliyeniambia kwamba inaharakisha ini kuvunja homoni. Fenitoini hivyohivyo, rifampisini ya kifua kikuu hivyohivyo, efavirenzi pia, na hata ule mmea unaouzwa kama dawa ya huzuni, St John's wort. Nilitokwa na matone miezi mitano mpaka mfamasia mmoja mwenye subira akakaa chini na orodha yangu. Ongezeni na dawa za kuzuia damu kuganda: hizo haziharibu homoni, ila zinafanya kidonda kidogo kitoe damu ambayo isingetoka.

Mafukuto ya Subira kurudi ghafla yananifikirisha. Kuna dawa mpya umeanza?

#28 Subira57
Ya presha tu, na ni ya miaka.

#29 Tumaini_Jipya
Mimi sijapata damu kwa sababu ya utando mnene. Yangu ilikuwa kinyume, utando mwembamba mno na uke mkavu. Ngozi ya ndani inakuwa kama karatasi, ukikutana na mume inachanika kidogo. Nina kibandiko na bado sehemu ile haikutosheka, nikaongezewa krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni. Watu wanaona haya kulisema, madaktari wanaona haya kuliuliza, halafu mwanamke anabaki na hofu ya saratani mwaka mzima.

#30 JichoLaPili
Kweli, ila utando mwembamba usigeuzwe jibu la kila kitu. Mimi pia niliambiwa "ni ukavu" bila kupimwa.

#31 Mama_wa_Mapacha
Kuhusu milimita, kuna anayeweza kunieleza? Nilikuwa na 6 nikaambiwa niko salama. Jirani alikuwa na 5 akachukuliwa sampuli. Nani kakosea?

#32 Bi_Hesabu
Pengine hakuna aliyekosea. Kwa mwanamke anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi mstari unaotumika sana ni milimita 4. Uingereza wameuweka hapohapo kwa wa homoni za mfululizo, na 7 kwa wa mpangilio wa zamu, kwa sababu utando wao huota na kubomoka kila mwezi. Wewe ukiwa wa zamu na jirani wa mfululizo, majibu yote mawili yana mantiki.

Ila mstari huo usichukuliwe kama ukuta. 2024 Marekani ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba kwa wanawake weusi ultrasaundi peke yake inapitwa na baadhi ya saratani, zikiwemo zile ambazo utando ulionekana mwembamba. Uvimbe wa faibroidi huzuia utando usionekane vizuri. Aina kali za saratani hiyo huweza kuanza bila kunenepesha sana. Kwa hiyo damu ikiendelea na kipimo kikasema mwembamba, dai sampuli. Kwa heshima, lakini dai. Dada zangu hapa tuko wengi wa rangi hiyo, na hili naliandika nikiwa na uchungu.

#33 Mama_wa_Mapacha
Mimi ni wa mfululizo.

#34 Bi_Hesabu
Basi rudi, mama. Kama damu bado ipo, rudi wiki hii.

#35 JichoLaPili
Na niongeze kuhusu sampuli yenyewe, maana hakuna aliyeniandaa. Kale kamrija ni kembamba kama mrija wa kalamu, kazi ni ya dakika moja au mbili, lakini ile dakika nilihisi tumbo la uzazi limekamatwa na ngumi. Wengine huhisi kidogo tu. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla. Waambie mapema kwamba ukisema "acha" waache. Omba ganzi, na kama haiwezekani uliza ya kulazwa usingizi. Nilitetemeka dakika kumi baada ya hapo, nesi mmoja akanishika mkono bila kusema neno. Nenda na mtu.

#36 Subira57
Nimerudi, siku 11 zimepita. Samahani kwa ukimya.

Damu ilikata yenyewe siku moja baada ya kupewa miadi. Karibu nisiende, nikakumbuka #16. Mlango wa kizazi uko sawa kwa macho. Ultrasaundi: utando milimita 6, na upande mmoja pamenenepa zaidi, aliyepima akasema "inaweza kuwa polipu, inaweza kuwa utando tu umejikunja". Sampuli imechukuliwa. JichoLaPili, Mungu akubariki, nilimeza dawa saa moja kabla na nilikwenda na yule dada yangu wa "tulia". Yeye ndiye aliyelia.

Daktari kasema niendelee na homoni, kibandiko kirudi 50 mpaka majibu. Mfamasia kasema ningeacha zote. Majibu wiki mbili.

#37 MziziWaMti
6 na dozi maradufu. Nasimama palepale, ni dozi.

#38 JichoLaPili
Pamenenepa upande mmoja tu. Dozi inanenepesha kote. Polipu.

#39 Upepo_wa_Kusi
Na kibandiko kilichokutwa kwenye shuka mmekisahau?

#40 NesiMstaafu
Vyote vitatu vinaweza kukaa nyumba moja. Kuhusu kuendelea au kuacha, fuata aliyekushika na kukupima. Madaktari hutofautiana hapo: wengine husimamisha, wengine hupunguza. Sampuli ikirudi safi na pale pembeni bado panaonekana, omba kamera, maana mrija hukwangua sehemu tu ya utando, na polipu inaweza kuukwepa.

#41 TwigaMpole
Nami bado nauliza kwa nini mafukuto yalirudi ghafla baada ya mwaka mzuri. Hilo hakuna aliyelijibu.

#42 KijanaWaMama
Mama zangu, mama amekubali! Nilimwambia mwenyewe, macho kwa macho, tukakaa kimya muda mrefu, halafu akasema "sawa". Miadi ni Jumatatu, ultrasaundi ya kupitia ukeni. Anasema amesikia lazima anywe maji mengi mkojo ujae, na hawezi kuubana. Ni kweli?

#43 NesiMstaafu
Mkojo kujaa ni kwa kile cha juu ya tumbo. Hiki cha ukeni kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Akojoe kwanza ndipo aingie. Na ana haki ya kuomba mpimaji mwanamke.

#44 KijanaWaMama
Asante sana. Namwambia sasa hivi.